Ukifika George Town, uliza saa kabla ya kuuliza mkahawa

Kila mara kijana wa kwetu Unguja anapopata nafasi ya kusoma Malaysia, au jamaa anapojiandaa kwenda huko kutembea, swali hili hunijia: nikifika Penang nile wapi? Niliishi katika kisiwa hicho miaka minne nikiwa mwanafunzi, na jibu langu halijabadilika tangu nilipoondoka. Usianze na jina la mkahawa; anza na saa. Mjini George Town, mji mkuu wa Penang, kila chakula kina wakati wake na kila wakati una watu wake, na mtu anayefika mahali mashuhuri kwa saa isiyo yake hukuta mlango umefungwa, au hupakuliwa mabaki ya sufuria yaliyokwisha kupoa.

Waingereza walianzisha kituo chao hapo mwaka 1786, na bandari ikavuta watu kutoka kusini mwa India, kusini mwa China, Sumatra na Arabuni, wakaishi pamoja na Wamalay. Mwaka 2008 mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Melaka. Ukiutembea mtaa wa Jalan Masjid Kapitan Keling, kwa dakika chache tu utakuwa umepita kanisa la St. George's, hekalu la Kichina la Kuan Yin, hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman lililo jirani, na msikiti wa Kapitan Keling wenyewe. Majiko ya mji nayo yamekaa ubavu kwa ubavu namna hiyo.

Asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, ni ya roti canai na nasi lemak. Roti canai ni ndugu wa mkate wetu wa kusukuma, ila wenyewe hausukumwi: fundi hulipaka donge mafuta, hulitandaza kwa viganja juu ya meza, kisha hulirusha na kulizungusha hewani mpaka linakuwa jepesi kama kitambaa, ndipo hulikunja na kulichoma juu ya chuma. Mimi nilipenda kwenda Jalan Transfer, ambako meza hupangwa kando ya barabara na watu hula wakiwa njiani kwenda kazini. Ukitaka kula kama wenyeji, sema "banjir", neno lenye maana ya mafuriko. Mkate utakatwakatwa na kumwagiwa mchuzi juu mpaka uzame. Nasi lemak ni wali wa nazi uliofungwa katika jani la mgomba pamoja na dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili ya kusaga. Mtu wa pwani yetu hatashangazwa na tui, lakini ataisikia harufu ya jani la pandan, ambalo ni la jamii moja na mkadi wetu, na harufu hiyo hataisahau.

Kahawa ya asubuhi hunywewa katika kopitiam, yaani mikahawa ya zamani ya Wachina. Buni zake hukaangwa pamoja na sukari na siagi, na kahawa huchujwa kwa mfuko wa kitambaa. Ukiagiza "kopi" utaletewa yenye maziwa mazito matamu. "Kopi o" haina maziwa ila ina sukari. Neno la kulihifadhi mapema ni "kurang manis", yaani punguza utamu, kwa sababu kipimo chao cha sukari kinawashinda hata sisi tuliolelewa kwa chai ya maziwa. Tena ujue kwamba katika mikahawa hiyo mwenye nyumba mara nyingi huuza vinywaji tu, na wapishi ni wapangaji wenye vibanda vyao ndani yake. Kwa hiyo unaagiza chakula kwa mpishi mmoja mmoja, unamwonyesha meza uliyokaa, na unanunua kinywaji kwa mwenye nyumba, kwa kuwa kinywaji hicho ndicho kodi ya kiti chako. Kukaa meza moja na usiowajua ni jambo la kawaida. Omba ruhusa kwa ishara ya mkono, kisha ukae.

Hapa lazima nizungumze kwa uwazi na Waislamu wenzangu. Wiki ya pili baada ya kufika, nilikula kuetiau za kukaanga, tambi pana za mchele ambazo Penang inasifika kwazo, katika kibanda kimoja karibu na nilipopanga. Sikuona nyama yoyote ya kunitia shaka, ila kamba, yai na chipukizi za maharage. Siku chache baadaye mwanafunzi mwenzangu wa Kichina, kwa upole mwingi, alinieleza kwamba kwa desturi chakula hicho hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Niliumia sana, na simlaumu muuzaji, kwa sababu sikuuliza. Nchi yenyewe ina idadi kubwa ya Waislamu, na mgeni hudhani kwamba hilo linatosha, halitoshi. Tafuta nembo ya halali inayotolewa na JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia inayoshughulikia mambo ya Kiislamu, au ule kwa wauzaji Waislamu, ambao ni wengi na baadhi yao hukaanga kuetiau hizo hizo kwa ustadi. Kibao kinachosema kwamba hapa hakuna nguruwe si cheti cha halali. Kuuliza hakumkasirishi mtu. Wauzaji wamezoea, na mara nyingi mpishi wa Kichina mwenyewe atakuambia kwa ukweli kwamba chakula chake hakikufai na akuelekeze kwa jirani.

Asiyekula nyama kabisa ana raha zaidi. Katika mitaa ya Wahindi inayozunguka Lebuh Pasar ipo mikahawa inayopika mboga tupu, na wali huletwa juu ya jani la mgomba pamoja na dengu, mboga za aina tatu au nne, papadi na achari. Ukimaliza, likunje jani kuelekea upande wako. Ni ishara kwamba umeridhika.

Mchana ni wa nasi kandar, na kama ningekuwa na siku moja tu mjini humo, mchana huo nisingeupoteza kwa kitu kingine. Kandar ni mzega. Wauzaji wa zamani, Waislamu wa Kitamil, walizunguka na mti begani, ncha moja imebeba wali na nyingine mchuzi, wakawalisha makuli wa bandarini. Leo mzega umebaki kwenye jina, na vyakula vimepangwa katika masufuria nyuma ya kioo: kuku wa kukaanga, mchuzi wa kichwa cha samaki, ng'ombe mweusi kwa viungo, bamia, ngisi na mayai yake. Mkahawa wa Hameediyah katika mtaa wa Campbell umekuwapo tangu mwaka 1907, na mimi humpeleka mgeni huko kwanza. Siri ya sahani yenyewe ni michuzi iliyochanganywa, "kuah campur": unamwambia mpakuaji akumwagie wa kuku, wa samaki na wa ng'ombe juu ya wali mmoja, na ladha inayotokea haimo katika sufuria hata moja peke yake. Nenda kabla ya saa sita na nusu, na siku ya Ijumaa kumbuka kwamba wenye mikahawa hiyo nao wanakwenda kuswali.

Onyo moja kuhusu malipo. Katika mkahawa mmoja nilionyesha kidole kwenye kamba wakubwa bila kuuliza bei, na nikalipa fedha ambayo ingenilisha siku tatu. Bei za samaki na kamba mara nyingi haziandikwi. Uliza kabla kijiko hakijaingia sufuriani.

Kuanzia saa nane jua la Penang huwa kali na la unyevunyevu, na hapo ndipo cendol inapojua kazi yake: barafu iliyoparwa, tui la nazi, sukari nyeusi ya mnazi, maharage mekundu, na vijitambi vya kijani vya unga wa mchele. Katika kichochoro cha Lebuh Keng Kwee watu huinywa wakiwa wamesimama, bakuli mkononi.

Saa hizo hizo ni za asam laksa, na Mzanzibari yeyote anayelilia urojo ugenini aende akaijaribu. Supu yake hutokana na vibua waliochemshwa na kusagwa, hutiwa ukwaju mpaka iwe chachu, kisha humwagwa juu ya tambi nene za mchele na kupambwa kwa nanasi, tango, nanaa na ua la tangawizi-mwitu, na pembeni huja kijiko cha uji mweusi wa kamba waliochachushwa. Kijiko hicho kitie kidogo kidogo. Nilikula laksa mara ya kwanza Air Itam, chini ya hekalu la Kek Lok Si, lakini niliyoipenda kuliko zote ni ya Balik Pulau, upande wa pili wa kisiwa, safari ndefu ya basi inayopanda milima. Huko pia utapata juisi ya kungumanga. Sisi tunaoijua kungumanga kwa kokwa na basibasi hatukuzoea kuthamini nyama ya tunda lake. Wao huisaga ikawa kinywaji kikali kidogo, chenye harufu ya sikukuu.

Jioni, upepo unapoanza kuingia kutoka baharini, nenda Padang Kota Lama, karibu na ngome ya Cornwallis. Vibanda vya Waislamu hapo huuza tambi za kukaanga kwa ngisi, na pasembur, ambayo ni mchanganyiko wa bajia za dagaa na kamba, tofu, viazi na tango chini ya mchuzi mtamu wenye viazi vitamu na karanga. Unachagua vipande mwenyewe, kwa hiyo onyo langu la bei linafuata hadi hapa. Eneo la Gurney ni kubwa na mashuhuri zaidi, na watalii wengi hupelekwa huko. Sikulichukia, lakini sikuona sababu ya kurudi.

Usiku una watu wake pia. Pembeni ya msikiti wa Kapitan Keling kipo kibanda cha nasi kandar kinachoitwa Beratur, yaani pangeni foleni, ambacho kwa desturi kilianza kuuza karibu saa nne usiku. Madereva, wanafunzi na familia zilizovaa vizuri husimama mstari mmoja. Baada ya hapo watu huhamia mikahawa ya Wahindi Waislamu inayokesha, kunywa teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe cha juu hadi cha chini mpaka inatoa povu. Ukiwa na usiku mmoja tu mjini, keti hapo, agiza yako "kurang manis", na mwulize jirani yako wa meza kesho asubuhi atakula wapi na saa ngapi.