Wasomaji Wauliza: Ziara ya Misikiti, Mahekalu na Hekaya za Mji wa Kale

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia Changamwe. Nataka kuleta wanafunzi 40 wa sekondari, Waislamu na Wakristo pamoja, waone mahali pa ibada Mji wa Kale. Nimepewa asubuhi moja tu na mwalimu mkuu anapendekeza Ijumaa. Nianzie wapi?

JIBU: Ijumaa mwachie mwenyewe, mwalimu. Kuanzia saa 5 watu wanajiandaa kwa sala, na kikundi cha wageni mlangoni ni kero hata kikiwa na adabu. Chukua Jumanne au Jumatano. Adhuhuri ya Mombasa huingia kati ya saa 6 na dakika chache na saa 6 na nusu na kitu, kutegemea mwezi, kwa hiyo yote ya misikiti yawe yamekwisha saa 5. Wengi hupanga ziara kwa ramani, wakafika msikitini watu wakishika udhu. Panga kwa saa za sala, ramani itafuata.

Wagawe mara mbili, ishirini ishirini. Wote 40 wakisimama kwenye kichochoro, mkokoteni haupiti, bodaboda zinapiga honi, na walio nyuma hawasikii neno. Kundi moja liingie Ngomeni, yaani Fort Jesus, saa 2 inapofunguliwa, jingine lishike Ndia Kuu kuelekea Msikiti wa Mandhry, kisha wabadilishane. Ruhusa ya kuingia msikitini iombwe siku kadhaa mapema kwa imamu au kamati. Aliyekaa barazani akakuambia "ingieni tu" hana mamlaka hayo. Na hizo baraza ni za wenye nyumba: omba kabla ya kuwakalisha watoto.

Mandhry ndiyo kituo cha kukaa sana. Msikiti huu unahesabiwa kuwa wa mwaka 1570 na hadi leo unasaliwa. Hata usiporuhusiwa ndani, simama upande wa pili wa barabara uwaonyeshe mnara: mnene chini, unakonda kwenda juu hadi ncha, haufanani na minara myembamba ya misikiti mipya. Mkabala wake kuna kisima. Hapo waeleze habari ya Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri, na mlangoni kuna kisima kimoja au viwili vya kina cha dhiraa moja au mbili. Maji yalitekwa kwa chombo cha mbao chenye mpini, mtu akaosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka mzito, ndipo akaingia. Mwanafunzi akiisikia habari hiyo amesimama kando ya kisima, hahitaji maelezo mengine.

Jambo la pili la kuwaonyesha ni kibla, yaani upande wanaoelekea wenye kusali. Makka iko kaskazini mwa Mombasa karibu sawasawa kabisa, kwa hiyo mihrabu ya msikiti, kishubaka anaposimama imamu, iko ukuta wa kaskazini. Katika misikiti mingi ya kale ya pwani mihrabu hutokeza nje kama kibyongo, unaiona ukiwa njiani. Mtu akipotea vichochoroni na jua liko utosini, hiyo ndiyo dira yake. Makaburi ya Waislamu nayo kwa sababu hiyo hiyo hulala mashariki na magharibi, maiti akielekezwa kaskazini kwa ubavu wa kulia. Watafute hilo wenyewe kwenye makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome. Ukiruhusiwa kuingia msikiti wa zamani, waangalie dari: boriti za mikoko hazirefuki, ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na nguzo ni nyingi.

Kutoka hapo pitia Makadara, kwenye msikiti ulioanzishwa na askari wa Kibaluchi, watu wa asili ya Baluchistani, uende hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe hai, barabara ya Langoni, la mwaka 1963, lililochongwa kwa marumaru. Hapa ndipo vikundi vya shule hukwama. Wajaini hawaruhusu ngozi ndani: viatu, mishipi, pochi, kamba za saa. Viatu vya shule, mishipi ya shule, yote ngozi. Mweke mwalimu mmoja nje alinde mali, na kila mtoto awe na mfuko wake wa kitambaa, maana jozi 20 za viatu vyeusi mlangoni hazitambulikani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017. Wasichana wabebe leso, nawe ubebe tano za akiba.

Malizia kanisa kuu la Kianglikana barabara ya Nkrumah, lenye kuba ambalo mgeni hulidhania msikiti. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumbukumbu ya maaskofu, akiwemo James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885.

SWALI: Mtembezaji mmoja alituambia kisima cha karibu na ngazi za Leven kilichimbwa na Vasco da Gama. Mwingine akasema mji ulianzishwa na malkia. Nani mkweli? (Msomaji, Likoni)

JIBU: La kisima likatae. Da Gama alifika tarehe 7 Aprili 1498, akatia nanga nje ya bandari, akatuma watu wawili tu nchi kavu. Usiku watu wa mji waliogelea kwenda kukata kamba za nanga. Tarehe 13 akang'oa nanga kwenda Malindi. Mtu aliyeogopa hata kuingia bandarini hakupata nafasi ya kuchimba kisima. Ngazi zenyewe zina jina la merikebu ya Kiingereza iliyofika mwaka 1824.

Malkia ni habari ya namna nyingine. Wazee husimulia kwamba mji wa kwanza, Gongwa, ulikuwa wa malkia Mwana Mkisi, kisha akaja Shehe Mvita akajenga msikiti wa mawe. Hakuna hati ya kuithibitisha, na haihitaji hati: ni habari ya nani alitangulia na nani ana haki, katika mji ambao Thenashara Taifa wake, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wamegawanyika makundi mawili, Tisa (tisa) na Thalatha (matatu). Mtembezaji mzuri husema "wazee husimulia" kwa Mwana Mkisi na "imeandikwa" kwa Da Gama, wala hachanganyi.

Hadhari zaidi inatakiwa mbele ya Ngome, kwenye habari ya Yusuf bin Hasan. Alilelewa Goa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwaka 1631 akamuua kapteni wa Kireno, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wengi wakauawa. Kwa Wakatoliki hao ni mashahidi wa imani. Kwa wengine yeye ni mtu aliyekataa kutawaliwa. Anayesimulia upande mmoja tu atakuwa na ugomvi kabla hajafika langoni.

SWALI: Kwenye Mnara wa Mbaraki nilikuta chupa za marashi. Ni msikiti au mzimu? (Mwongoza wageni chipukizi, Kibokoni)

JIBU: Vyote, kwa zama tofauti. Palikuwa na msikiti karne ya 15, ukaanguka, magofu yakawa mahali pa kuendea pepo, na mnara wa matumbawe, wenye uwazi ndani, ukasimamishwa hapo. Sasa msikiti umejengwa upya na unasaliwa. Marashi na ubani usiviguse, wala usimpige picha aliyevileta. Wako wanaopinga ziara hizo kwa sababu za dini, na mnarani si mahali pa mjadala huo. Pako mbali na Mji wa Kale: chukua tuktuk, mpatane nauli ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda.

SWALI: Mama yangu ana maumivu ya magoti lakini anatamani kuona. (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Mpeleke kwa tuktuk hadi mlango wa Mandhry saa 3 asubuhi, akae barazani kwa idhini ya wenyewe, auone mnara na kisima. Ngazi za Leven aziache, hasa baada ya mvua: jiwe likilowa huteleza, na mwenye kumshika huanguka naye.