Fundi Umeme Anajibu: Stika Ipo, Plagi Inanuka

Mwezi huu barua nyingi zimetoka maofisini na karakana, na karibu zote zinahusu vifaa vya kuchomeka: birika, kompyuta, drili, ekstensheni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi mna tatizo hilohilo, ila mnaogopa kumwuliza bosi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni ofisa utawala. Tulileta watu wa kupima usalama wa vifaa vya umeme, akaja kijana na mashine ndogo ya mkononi. Kabla ya mchana alishamaliza ghorofa mbili, kila kitu kina stika ya kijani yenye neno IMEPITA na tarehe ya mwakani. Wiki mbili baadaye plagi ya birika la chai ikaanza kunuka kuungua. Bosi anasema haiwezekani, stika si ipo? Je, kipimo kinadumu mwaka? Na nitajuaje kama kijana alipima kweli?

JIBU: Marahaba. Birika lichomoe sasa hivi, na ufiche plagi yake mtu asije akalirudisha saa nne ya chai.

Stika inasema hali ya kifaa siku ile kilipopimwa, basi. Tarehe ya mwakani ni ya kumkumbusha mtu arudi kupima, haina dhamana yoyote ndani yake. Hata Uingereza, ambako biashara hii ya stika imeshamiri kweli, kanuni zao za umeme kazini za mwaka 1989 zinadai kifaa kitunzwe kisilete hatari. Hazisemi popote kwamba kila kitu kipimwe kila mwaka. Mwaka ni mazoea ya wauza huduma. Skrini iliyokaa juu ya meza bila kuguswa na grainda inayoburutwa kwenye zege haziwezi kuwa na ratiba moja. Grainda mimi nataka mwenyewe aikague kila anapoishika, na ipimwe mara kadhaa kwa mwaka. Skrini itasubiri.

Sasa hilo birika. Likiwa la wati 2200 kwenye volti 230, linavuta ampia 9.5 hivi. Linachomekwa na kuchomolewa kutwa, mtu anavuta waya badala ya kushika plagi, mpaka skrubu ya ndani inalegea. Waya ukishika nusunusu, joto linazaliwa palepale kwenye mguso mbovu: plastiki inageuka kahawia kuzunguka mguu mmoja wa plagi, halafu inaanza kulainika, ndipo harufu inapokuja. Mashine ya kijana ingeweza kusema IMEPITA kwa haki kabisa, maana waya ulikuwa bado umegusa. Ni jicho na bisibisi ndivyo vingeliona. Kasoro nyingi za vifaa hivi huonekana kwa macho kabla mashine haijawashwa.

Kwa hiyo muulize aliyepima: ulifungua plagi? Ukifungua zile zinazofunguka, unataka kuona skrubu zimekaza, kibano kimeshika ganda la nje la waya (siyo vile viwaya vya kahawia na bluu vimechungulia nje), na fyuzi inayolingana na kifaa. Taa ya mezani yenye fyuzi ya ampia 13 inakubalika machoni pa wengi. Mimi naiwekea ya 3. Nimewahi kukuta plagi ambayo fyuzi yake imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nje ina stika safi ya kijani. Halafu fuata waya wote kwa vidole: umebanwa na mguu wa meza? Una tepu? Waya wenye tepu nauhesabu umekufa, hata kama aliyeufunga ni mimi.

Kujua kama alipima, omba karatasi ya vipimo vyenyewe, siyo orodha ya "imepita, imepita". Kifaa chenye waya wa erthi (ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) kinapimwa ukinzani wa erthi, yaani waya huo unazuia umeme kiasi gani, kutoka kwenye plagi hadi kwenye bodi ya chuma. Waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba una takriban ohmu 0.026 kwa kila mita, kwa hiyo wa mita moja na wa mita tano haviwezi kutoa namba moja. Ukiona ukurasa mzima umeandikwa 0.05, mtu huyo alikuwa anajaza fomu. Ghorofa mbili kabla ya mchana, tena! Dai warudi, na wasilipwe mara ya pili.

SWALI: Fundi, kesi ya kompyuta yangu inanitekenya nikiigusa nikiwa nimevua viatu. Fundi wa ofisi alileta tesa ya kalamu, ikawaka, akasema hiyo ni kawaida ya kompyuta, nivae viatu. Ni kweli?

JIBU: Nusu kweli, na hiyo nusu ndiyo inayonitia wasiwasi. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, nazo hupitisha umeme kidogo sana kwenda kwenye bodi. Hilo limekubaliwa na watengenezaji. Kwa kompyuta yenye erthi kikomo ni miliampia 3.5. Umeme huo unatakiwa ushuke kimya kupitia waya wa erthi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Wewe ukitekenywa, maana yake haushuki. Umekosa njia, na bodi yako inaelea kwenye volti zinazokaribia nusu ya zile za ukutani.

Mtekenyo wenyewe hauui kwa kawaida. Shida ni siku waya moto utakapogusa bodi kwa kweli. Erthi ingekuwepo, fyuzi ingekatika papo hapo. Bila erthi, fyuzi haitasikia kitu na njia itakuwa wewe. Mwili wenye unyevu ukiuhesabu ohmu 1000 hivi, volti 230 zinasukuma miliampia 230, wakati kwenye 10 tu mkono unaweza kugoma kuachia. Hapo viatu ni bahati nasibu.

Chomeka kompyuta yako na waya wake uleule kwenye soketi nyingine unayoiamini. Mtekenyo ukiisha, kasoro iko ukutani; mwite fundi wa jengo, na soketi ile isitumike. Ukibaki, badilisha ule waya mweusi wa kuchomoka nyuma ya kesi. Nyaya hizi zinahamahama ofisini kutoka mashine hadi mashine, ndiyo maana zinatakiwa kupimwa peke yake na kupewa namba zake. Wapimaji wa haraka huziruka. Angalia pia kama kuna adapta ya miguu miwili katikati au mguu wa erthi uliokatwa ili plagi iingie. Mwenye kukata mguu huo ofisini kwenu atajwe kwa jina.

SWALI: Drili yangu ina nyaya mbili tu, hakuna erthi. Mwenzangu anasema ni feki. Niirudishe dukani?

JIBU: Geuza kibati chake. Ukiona mraba ndani ya mraba, drili ina insuleshoni maradufu, yaani tabaka mbili za kuzuia umeme usikufikie, na haitakiwi kuwa na erthi, wala usiiongezee. Kipimo chake ni insuleshoni kwa volti 500, isipungue megaohmu 2 (ohmu milioni mbili). Ila plastiki ile ndiyo kinga yako yote: ikipasuka, gundi haikubaliki. Kama alama haipo na bodi ni ya chuma, mwenzako ana haki.

SWALI: Mzee, nina malitimita nzuri ya kidijitali. Kwa nini tukodi mashine ya kupimia wakati naweza kupima mwenyewe karakana yote?

JIBU: Malitimita yako inapima ohmu kwa betri ndogo, volti chache tu. Insuleshoni iliyoloa au kuungua inaweza kuvumilia volti chache bila tatizo, kisha ikavuja ukiipa 500. Ndiyo maana kipimo halisi kinatumia volti 500 za mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), na kifaa cha kawaida chenye erthi kinatakiwa kisishuke chini ya megaohmu 1. Upande wa erthi nako ni hivyohivyo: waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha namba nzuri kwenye mita, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Mashine kubwa zinaweza kusukuma ampia 25, na uzi huo mmoja hauwezi kujificha.

Usiitupe lakini. Inafaa kwa kupima fyuzi, na kwa kuhakikisha kwamba kwenye ekstensheni uliyofunga mwenyewe kahawia inaenda kwa kahawia na bluu kwa bluu, ikiwa imechomolewa. Kama ekstensheni ni ya kuviringishwa kwenye gurudumu, ikunjue yote kabla ya kuwasha mzigo mkubwa. Ikibaki imejiviringisha, joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka katikati, mahali usipopaona.

Siku mtakapokodi mashine, jambo moja litawasumbua: ekstensheni zenye kinga ya umeme mwingi, yaani volti zinazopanda ghafla. Ukizipa volti 500 ile kinga yenyewe inafunguka na mashine inaandika IMEFELI. Shusha hadi volti 250, pima tena, ndipo uamue kama ni ya kutupa.