Karte, TPE na daftari la mapokezi: tunajibu barua zenu

SWALI: Yaya jambo, niko na gesti ndogo huku Kampemba, wateja wengi wanatoka Zambia na Afrika Kusini. Wanaomba chumba kwa WhatsApp, wananitumia picha ya karte mbele na nyuma, naandika namba zote mu daftari ya mapokezi kisha nazipiga mwenyewe kwenye TPE, ile mashine ya kulipia kwa karte. Sasa banki imenikata dola 340, eti mteja wa mwezi wa nane amekana malipo, na kweli alilala kwangu! Naweza kuzipata tena? — Mama B., Lubumbashi

JIBU: Mama, nianze na lile daftari maana linanitisha kuliko hizo dola. Zile namba tatu za nyuma, CVV, malipo yakishapita hauna ruhusa ya kuziweka popote, si mu daftari, si mu simu, njo inavyosema PCI DSS, ile kanuni kina Visa na Mastercard walikubaliana tangu 2004, na inamugusa kila mwenye kupokea karte, hata wa vyumba vitatu. Mtu wa mapokezi akifungua ukurasa mmoja tu anaweza kununua vitu vya watu kwenye intaneti, na siku mukigombana akaondoka je? Choma kurasa hizo, futa na picha.

Sasa dola zako. Mteja akikana, banki yake inadai kwa banki yako, nayo inakukata wewe, na mara nyingi ana mpaka siku 120 za kulalamika, njo maana ya mwezi wa nane inarudi leo. Karte ambayo haukuiona kwa macho, namba umepiga kwa mukono, hasara karibu kila mara ni ya mufanyabiashara. Usikae kimya lakini, muda wa kujibu ni mfupi: kusanya fishi aliyosaini akiingia, kopi ya paspoti, meseji za kuomba chumba, fakture, peleka banki. Kwa wale wa mbali omba banki ikupe linki ya malipo yenye 3D Secure, mteja anathibitisha mwenyewe kwa simu yake, hapo akisema aliibiwa karte mzigo kwa kawaida unahamia kwa banki yake. Na akifika, aingize chipu apige kodi yake, ile namba ya siri, mwenyewe. Chipu inatoa alama mpya kila malipo, haikopiki kirahisi kama ule ukanda mweusi wa nyuma.

SWALI: Garson wa resto alienda na karte yangu huko nyuma, akakawia, akarudi anasema rezo, ule mtandao, ilikuwa mubaya. Niogope? — Msomaji wa Katuba

JIBU: Rezo yetu tunaijua, anaweza kuwa anasema kweli. Ila angalia meseji za banki leo, ukiona malipo usiyoyajua piga simu wafunge karte hapohapo, usingoje kesho. Siku nyingine mwambie alete TPE mezani, nyingi zinatembea bila waya, ao simama umufuate mpaka kwenye kesi, pale pa kulipia, hakuna haya. Na kabla ya kupiga kodi soma skrini: bei ile ni franka ao ni dola?