Wadogo zangu, shikeni mita kabla hamjagusa programu

Jamani kila kundi jipya likija karakana ni yale yale. Bodi ya saketi inajizima na kujiwasha yenyewe, mtu anakaa na laptop mpaka saa nane usiku anabadilisha laibrari, anafuta anaandika upya, na mita ya kupimia umeme iko pembeni hata haijawashwa. Ukimuuliza reli ya 3.3 (njia ya umeme wa volti 3.3 kwenye bodi) inasoma ngapi anakwambia "inatakiwa iwe 3.3". Mdogo wangu, nimekuuliza inasoma ngapi! Nawapenda sana nyie na ndo maana nachoka, manake vichwa mnavyo na usiku mnaupoteza bure. Ngoja niyaweke kwa namba.

1. Kabla hujachomeka umeme wowote pima ukinzani kati ya 3V3 (ndo hiyo reli) na grandi (hasi ya bodi), alafu kati ya VIN (umeme unapoingilia) na grandi. Namba ikipanda taratibu ni kapasita zinajaa, hiyo poa. Ikipiga mlio na kuendelea kupiga ni shoti, njia ya umeme imegusana na grandi, usichomeke "kuona itakuwaje". Na mara ya kwanza kuiwasha tumia pawasaplai yenye kikomo cha ampea, anza na miliampea 100.

2. Ule ulimi mpana wa AMS1117, regyuleta ya kushusha umeme mpaka 3.3, SIO grandi. Ni pini ya kutoa, ni ile ile 3.3 ya mguu wa kati. Watu wamezoea 7805 ambayo bati lake la mgongoni ni grandi, wanaamini kila regyuleta iko hivo, wakati hata LM317 bati lake ni la kutoa. Hili limetuumiza sana hapa, acha niwasimulie lote.

Tulikuwa na bodi za kupimia maji kwenye matangi, ESP32 (chipu kuu yenye Wi-Fi) na modyuli ya simu. Aliyechora ni kijana makini kweli, mistari yake imenyooka kuliko ya wengi mnaowajua. Kwenye mchoro akatumia alama ya regyuleta yenye pini nne, ulimi ukiwa pini ya 4, akaupeleka grandi, akamwaga shaba ya kutosha chini yake ili ipoe vizuri. Programu ya kuchorea ikakagua ikasema safi, na lazima iseme safi kwa sababu imeambiwa pini ya 4 ni grandi, yenyewe itajuaje. Bodi zikaja toka China, tukapima zikiwa tupu, hakuna shoti. Tukalehemu, tukapima, shoti. Basi tukasema lehemu imemwagika mahali, tukapitia kila mguu kwa lenzi, hamna. Tukaanza kutoa kapasita moja moja, shoti iko pale pale. Tukaingia kwenye ESP32 yenyewe na blowa, na mnajua ukiitoa ile kwa pupa pedi (vipande vya shaba vya kulehemia) zinanyofoka nayo, zikanyofoka, bodi ya kwanza ikafa hapo. Shoti ipo. Mwisho ikatolewa regyuleta, shoti ikaisha! Watu wakapiga makofi, regyuleta mbovu, leteni mpya. Ikawekwa mpya, shoti. Nyingine, shoti. Hapo maneno yakahamia kwa muuza duka, kwamba katuuzia feki, na yule mzee wa watu hakuwa na kosa lolote.

Unaona mtego ulipo? Bodi ikiwa tupu zile pedi mbili hazigusani, kwa hiyo mita haisemi kitu. Kinachoziunganisha ni regyuleta nzima, tena salama kabisa, kwa sababu ndani yake mguu wa kati na ulimi ni chuma kimoja. Ukiitoa shoti inaondoka nayo, ukiirudisha inarudi nayo, na akili yako inakwambia kifaa ni kibovu. Kilichotuokoa ni mtu mmoja kuichukua regyuleta mpya mkononi, haijagusa bodi, akapima mguu wa kati na ulimi, ikapiga. Datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ilikuwa imefunguliwa kwenye kompyuta muda wote huo. Tukachukua wembe tukakwangua shaba kuzunguka ile pedi mpaka ikabaki kisiwa, bodi nyingi zikapona, lakini joto likakosa pa kwenda, ikabidi tupunguze matumizi. Mkitumia KiCad kuchorea bodi kuna fotiprinti (mpangilio wa pedi za kifaa) inaitwa SOT-223-3_TabPin2, hiyo ndo yenyewe. Na kifaa usichokijua kipime mkononi kwanza kabla hakijaingia kwenye mchoro.

3. Mita inakuonyesha wastani. Reli inaweza kusoma 3.3 imetulia kabisa huku ndani ya milisekunde moja imedondoka na kurudi, na mita haijaona kitu. ESP32 ikirusha Wi-Fi inaweza kunywa miliampea 240 kwa mkupuo, na Espressif wanaoitengeneza wanataka chanzo cha angalau 500. Ukiona "Brownout detector was triggered" (yaani umeme umeshuka mno) usikimbilie kuizima kwenye programu! Inakwambia ukweli, we unaifunga mdomo. Weka oskiloskopu kwenye pini ya chipu yenyewe, sio kwenye kiunganishi cha umeme, uone shimo lenyewe.

SIM800L, modyuli ya simu, ndo balaa zaidi, na karibu kila mradi wa mwaka wa mwisho unayo. Inataka volti 3.4 mpaka 4.4, kwa hiyo 3.3 ni ndogo na 5 ni nyingi, na ikirusha inavuta mpaka ampea 2 kwa mikrosekunde kama 577 hivi, kila milisekunde 4.6. Taa yake ikipepesa kila sekunde inatafuta mtandao, kila sekunde tatu imeupata. Ikipepesa mara chache alafu ikaanza upya, laini haina shida, antena haina shida, umeme haufiki. Kapasita ya 1000 mikrofaradi ni kama tangi la juu ya paa, inabidi liwe karibu na bomba, nyie mnaiweka mwisho wa bodi na njia nyembamba kama uzi. Njia yenye ohm 0.2 kwa ampea 2 inakula volti 0.4, hesabu hiyo fanyeni kabla ya kuagiza bodi.

4. AMS1117 kwenye betri moja ya lithiamu, hapana. Inakula kama volti 1.1 yenyewe, betri ya 3.7 inakupa 2.6. Tumia regyuleta ya AP2112K. Na kwenye sola ya 12 pia hapana, 12 toa 3.3 mara miliampea 200 ni wati 1.7 za joto tupu, na betri ikichajiwa inafika 14.4 wakati kikomo cha regyuleta ni 15. Weka baki, yaani buck converter ya kushusha volti.

5. USB-C bila rezista za kilo-ohm 5.1 kwenye pini za CC1 na CC2, kila moja na yake, itawaka kwa waya wa A kwenda C na itagoma kwa C kwenda C.

6. Umechomoa umeme na taa bado inawaka kidogo? Chomoa na adapta ya siriali ya kuingizia programu, umeme unapenyea kwenye pini yake ya TX.

7. Pini ya GPIO12 ya ESP32 ikiwa juu (ina volti) wakati wa kuwaka, flashi (kumbukumbu ya programu) inapewa volti 1.8 badala ya 3.3 na bodi haianzi. Utasaka regyuleta wiki nzima na haina kosa.

Ukija mezani kwangu njoo na namba zimeandikwa: VIN, 3V3 ikiwa imetulia, 3V3 ikirusha, ampea zinazoingia, na regyuleta ina joto la kushikika au la. Ukiwa nazo nakaa na wewe hata mpaka usiku.