Mita ya sauti kwenye app: mbona inarukaruka na namba ni hasi?

Mkuu umeuliza kwa nini mita ya sauti kwenye app yako ya Android inaruka kama panzi, halafu inatoa namba hasi wakati app za wenzako zinaonyesha 60, 70. Yote hayo yamenikuta.

Kwanza getMaxAmplitude, ile funksheni ya MediaRecorder ya kusoma ukubwa wa sauti, achana nayo. Ile inakupa kilele tu tangu ulipoiita mara ya mwisho, mtu akigonga meza kidogo namba inapaa, na ukiiita mara ya kwanza inarudisha 0. Hamia AudioRecord, inayokupa sauti ghafi ya maiki, soma sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) za biti 16 kwenye thredi (njia ya kazi ndani ya app) yake peke yake (mi nilisomea kwenye thredi ya skrini, app ikawa inaganda, aibu tupu). Kila bafa (fungu la sampuli) inapojaa, zidisha kila sampuli kwa yenyewe, tafuta wastani, tafuta kipeuo cha pili cha huo wastani, gawa kwa 32768 (kilele cha biti 16), piga logi ya 10 halafu zidisha kwa 20. Hiyo ndo desibeli yako, na 0 ndo juu kabisa, kwa hiyo hasi sio bagi. Kukiwa kimya kabisa utapiga logi ya sifuri, so weka sakafu, mfano -90.

Sasa kilichonila wiki nzima: nilikuwa nalainisha kwa wastani wa desibeli zenyewe. Usifanye hivyo! Desibeli ni logi bana, -20 na -60 ukizichukulia wastani unapata -40, ila ukirudi kwenye nguvu yenyewe jibu ni kama -23, yaani umepotea desibeli 17 hivihivi. Lainisha zile skwea (sampuli ulizozidisha kwa zenyewe) kwanza, logi ije mwisho. Mita halisi zinalainisha kwa milisekunde 125 zikiwa kwenye Fast (haraka) na sekunde 1 zikiwa kwenye Slow (taratibu), mi nimeweka 125 na skrini naichora kama mara 20 kwa sekunde, imetulia.

Hizo 60, 70 ni presha ya sauti hewani, simu haiijui mpaka uiweke pembeni ya mita halisi, uone tofauti, uijumlishe, na kila modeli ina tofauti yake. Hapo angalia na chanzo cha maiki, kuna simu zinajipandishia sauti zenyewe kukiwa kimya, hesabu yako yote inaharibika. Jaribu chanzo cha UNPROCESSED (sauti isiyochakatwa), ipo tangu Android 7, simu isipoikubali tumia VOICE_RECOGNITION.

Ukija kufanya ya iPhone utacheka, AVAudioRecorder (kinasa sauti cha Apple) inakupa averagePower, yaani desibeli za wastani, tayari, kuanzia -160 mpaka 0, we unawasha tu isMeteringEnabled na kuita updateMeters kabla ya kila kusoma.