Sungura sebuleni: anza na sakafu

SWALI: Daktari, habari za kazi. Tunaishi ghorofa ya pili hapa Dar es Salaam, na sebule yetu ni ya marumaru. Shemeji yangu amemletea binti yetu wa miaka minane sungura mweupe mwenye macho mekundu, ana kama miezi mitatu. Kwa sasa analala kwenye kitundu cha waya kilichokuwa cha kuku. Nataka nimtengee sehemu ya sebule awe anakimbia. Eneo liwe kubwa kiasi gani, nitandike nini na niondoe nini? Balkoni yetu ina vyuma. Anaweza kukaa huko mchana tukiwa kazini? Halafu baba watoto anataka tumnunulie mkanda wa kumfunga, tuwe tunashuka naye chini jioni. — Msomaji, Kinondoni

JIBU: Nzuri, dada. Umeuliza kuhusu ukubwa kwanza, kama wengi wanavyouliza, lakini mimi nitaanza na hiyo marumaru, maana ndiyo inayoweza kumuumiza kabla ya kitu kingine chochote humo ndani.

Paka na mbwa wana vifuko vya ngozi nene chini ya nyayo, ndivyo vinavyoshika sakafu. Sungura hana. Chini ya mguu wake ni manyoya matupu, na manyoya juu ya marumaru iliyopigwa deki huteleza. Mweke katikati ya sebule umtazame kwa dakika chache. Utaona miguu ya mbele inasogea kidogo kidogo, ya nyuma inaachana pembeni, kisha anajikunyata na kutulia. Watu huja kuniambia, "Daktari, wetu mpole sana, hatoki hata kwenye kapeti." Siyo upole huo. Anajua akitoka ataanguka.

Na kuanguka kwake si jambo dogo. Mifupa yote ya sungura ikijumlishwa ni kama asilimia 8 tu ya uzito wa mwili wake. Ya paka hufika 12 au 13. Juu ya mifupa hiyo myepesi kuna misuli ya mapaja yenye nguvu nyingi. Akishtuka na kurusha teke wakati miguu haijapata pa kujikita, anaweza kujivunja mwenyewe uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, na miguu ya nyuma ikapooza hapo hapo. Kwa hiyo hata ukimpa sebule nzima, kama sakafu inateleza hujampa nafasi ya mazoezi.

Tandika mkeka wa ukindu, ule wa kusukwa kwa mkono. Unashika vizuri, na akiutafuna, na atautafuna, ni majani tu. Chagua usio na rangi. Mikeka ya plastiki iache kabisa, pamoja na ile ya sponji inayounganishwa vipande vipande kwa ajili ya watoto kuchezea. Sungura hawezi kutapika. Anachomeza lazima kipite chote, na vipande vya plastiki au sponji huweza kuziba tumbo. Kapeti la manyoya mafupi lililokazwa vizuri linafaa, ila lenye nyuzi za kitanzi hunasa kucha. Juu ya kingo za mkeka weka kitu kizito cha kuuzuia usiteleze wenyewe, au upitishe kingo zake chini ya miguu ya kochi.

Usifunike marumaru yote. Acha kona moja wazi, iliyo mbali na jua la dirishani. Sungura hatoi jasho. Joto hulitoa zaidi kwa masikio, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 28 hivi anaanza kutaabika. Dar kuanzia Desemba hadi Machi unaijua. Saa nane mchana utamkuta amejinyoosha tumbo chini kwenye hiyo kona, na hapo marumaru inamsaidia. Chupa ya maji yaliyogandishwa iliyoviringishwa taulo, ukimwekea karibu, ataiegemea mwenyewe. Feni isimpulize moja kwa moja, izungushe hewa tu.

Kumbuka pia kwamba sungura hupumua kwa pua. Ukimwona amefungua mdomo anahema, hiyo ni dharura, usisubiri apoe. Lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, umsogeze penye upepo, na safari ya kwa daktari ianze. Kwa sababu hiyo hiyo ya pua, dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe chumba anachoshinda, maana mnaiweka chini, usawa wa uso wake kabisa.

Sasa ukubwa. Uingereza kuna shirika linaloitwa Rabbit Welfare Association & Fund; wao hupendekeza angalau mita 3 kwa 2, kimo mita 1, kwa sungura wawili, na eneo hilo liwe wazi kwao muda wote, siyo saa za matembezi tu. Sebule nyingi za kupanga haziwezi kutoa hiyo nafasi bila kuhamisha makochi. Mimi kwangu urefu una maana zaidi ya mraba: njia ya mita 3 nyuma ya kochi, hata ikiwa nyembamba, inamwezesha kuruka mara tatu nne mfululizo na kugeuka, kitu ambacho kona ya mita moja na nusu kila upande haiwezi. Halafu panga kwa mwili atakaokuwa nao, siyo wa leo. Mweupe mwenye macho mekundu mara nyingi huwa New Zealand White au chotara wake, mbegu inayofugwa sana kwa nyama, na akikomaa hufika kilo 4 hadi 5.

Uzio mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu za wavu wa chuma, kimo sentimita 90, zinazoungana kwa bawaba ili uzikunje wageni wakija. Matundu ya wavu yasizidi sentimita 2.5, kichwa kisipite. Wavu mwembamba wa kuku hauna kazi hapo, ataukata. Mwambie fundi asage ncha zote. Nimeshona midomo ya sungura kwa sababu ya ncha za waya.

Tukija kwenye waya za umeme, lala chini kifudifudi, utazame sebule kutoka kimo chake. Kila utakachokiona kinaning'inia au kimelala sakafuni, ataking'ata. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, kama milimita 2 kwa wiki, na porini mizizi inayokatiza njia yake huikata ili apite. Waya wa chaja kwake ni mzizi uliomzibia njia, na unakatika kwa ng'ato moja. Umeme wetu ni volti 230.

Waya za televisheni na king'amuzi zipandishe ukutani. Zile zisizopandika zipitishe ndani ya bomba gumu la plastiki ambalo mafundi umeme hutumia. Ukilipasua kwa urefu utaingiza waya bila kung'oa plagi. Ekstensheni iende juu ya meza. Nyuma ya friji na nyuma ya kabati la televisheni pazibwe kwa ubao, kwa sababu humo akiingia huwezi kumwona wala kumfikia. Na ikitokea amepigwa shoti, hata akiinuka na kukimbia kama kawaida, mlete siku hiyo hiyo. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati nyie mmeshasema Mungu ametusaidia.

Vingine vya kuondoa: sumu ya panya, dawa ya mende, vile vidonge vyeupe vya kabatini, kamba za mapazia, na neti ya mtoto kama inagusa sakafu (nyuzi zake ni ndefu na hazikatiki tumboni). Maua ya ndani yote yapande juu, na majani ya mparachichi asipewe hata kwa kujaribu. Wanaoishi nyumba za chini waangalie na siafu, hasa mvua zikianza, kwa sababu sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Ndani ya eneo lake vitu vichache vinatosha. Katoni moja kubwa yenye milango miwili, siyo mmoja, ili asijione amenaswa. Toa gundi ya karatasi na pini zote kwanza. Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo, anakunywa vizuri zaidi hapo kuliko kwenye chupa ya kuning'iniza. Kwa choo, mwache siku mbili tatu achague kona mwenyewe, kisha hapo weka beseni pana lenye magazeti na majani makavu. Yale majani makavu ya kula, ya nyasi za Rhodes ukiyapata, yaweke upande mmoja wa beseni hilo hilo, kwa sababu sungura hupenda kula huku anajisaidia. Mchanga wa choo cha paka usitumie, ukimezwa huganda tumboni. Mkojo wake una chokaa nyingi na utaacha utando mweupe kwenye marumaru, siki inautoa. Binti akikimbia kukwambia sungura anakula mavi yake, mwambie ni sawa. Kile ni kinyesi laini cha aina yake, lazima akile mara ya pili ili apate virutubisho.

Wiki ya kwanza usimfungulie eneo lote. Mpe kona yenye katoni, beseni na chakula, na ukifika Jumamosi umwongezee mita moja. Nguvu zake ziko alfajiri na jioni, mchana atalala, msimwamshe acheze. Binti aketi sakafuni na kumsubiri, asimfukuze, na asimbebe akiwa amesimama mpaka umfundishe: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika matako, mwili wake umegusa kifua cha mbebaji. Kushika masikio na kuning'iniza kama wanavyofanya sokoni, hapana, hata kwa sekunde moja. Na kile kitundu cha kuku, kama bado atakitumia kulala, kiwekewe ubao juu ya sakafu ya waya, la sivyo nyayo zitatoka vidonda.

Balkoni: hapana. Nafasi kati ya vyuma, jua la mchana, kunguru, paka wa jirani, na sakafu ya saruji inayochoma. Mkiwa nyumbani na jua limeshuka, wavu ukifungwa hadi juu, sawa, lakini siyo kumwacha peke yake.

Na mkanda nao hapana. Mwambie baba watoto nimemwelewa, anataka mnyama anyooshe miguu, lakini sungura akiona mbwa au bodaboda ikipiga honi hataganda akusubiri. Atajirusha kwa nguvu zote za yale mapaja, mkanda utamzuia ghafla, na tunarudi kwenye uti wa mgongo niliokwambia. Ile mipira ya plastiki ya kumfungia mnyama ndani akimbie haimfai, mgongo unakunjwa na joto linamkusanyikia.

Jambo la mwisho hukuuliza, ila utalihitaji. Akianza kujikuna, usimpulizie dawa ya viroboto ya paka au mbwa iliyo nyumbani. Soma kibandiko: kama kuna fipronili, inaweza kumuua sungura. Mlete tumtazame masikio kwanza, kwa maana sungura wengi wanaotoka kwenye mabanda ya wafugaji huja na ukurutu wa masikioni, na ule una dawa yake.