Plagini iliyofuta nembo za bibi wa Newala

Jumapili usiku nilipandisha picha moja kwenye status: bibi wa Newala amekaa kizingitini, mkono shavuni, nembo zake za chale usoni zinahesabika moja moja. Kabla sijalala kaka mmoja wa Lindi, naye ana studio, akaniandikia: "Dada naomba link ya hiyo plagini. Sura imetoka kali mno. Na mimi nataka nifike huko."

Nikacheka peke yangu. Picha anayoisifu ni ya pili. Ya kwanza ndiyo iliyopikwa na plagini mpaka ikaungua, na ilinigharimu mteja, nauli ya Newala kwenda na kurudi, na usingizi wa wiki kadhaa.

Nianze na hilo la link, maana najua wengine mnaruka mistari mkilitafuta hilo tu. Plagini, yaani kiongezo kinachokaa ndani ya programu nyingine, inaitwa G'MIC. Ni ya bure, imetoka Ufaransa kwenye maabara ya GREYC pale Caen, ipo tangu 2008, na ina vichujio (vitufe vya kubadilisha mwonekano wa picha) zaidi ya 500. Inakaa ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo nayo ni ya bure. Photoshop situmii. Zamani nilikuwa naona aibu kulisema hili mbele ya wapiga picha wa Dar. Siku hizi nalisema shingo imenyooka, kazi zangu wameziona.

Kuisakinisha kulinila siku mbili na bando la wiki nzima. Laptopu yangu ilikuwa na GIMP 3, ile iliyotoka Machi 2025, halafu mimi nikawa nafuata video ya mtu anayetumia toleo la zamani, 2.10. Nikashusha faili la 2.10, nikalitupia kwenye folda ya plagini, nikafungua programu. Hakuna kitu. Nikazima, nikawasha. Hakuna. Nikaanza kuilaumu laptopu, nikamlaumu na aliyeniuzia. Kumbe plagini iliyotengenezwa kwa 2.10 haiingii kwenye 3 hata uisomee dua. Kwa hiyo fungua Help, kisha About, soma namba ya GIMP yako, halafu ushushe inayolingana nayo. Ikija kwenye zipu, ifungue zipu kwanza. Folda ya kuiweka utaiona ukiingia Edit, Preferences, Folders, Plug-ins, na kwenye GIMP 3 kila plagini inataka kijifolda chake chenye jina lake, ukiimwaga nje tu haisomeki. Funga programu, fungua upya, G'MIC itakuwa inakusubiri chini ya Filters. Siku zangu mbili zimeishia kwenye mistari hii michache, na wala sikufundishwa na mtu.

Wengine mnaniuliza Nik Collection, mkusanyo mwingine wa plagini za picha, ya bure iko wapi. Ilikuwepo. Google waliinunua kampuni iliyoitengeneza 2012, Machi 2016 wakaitoa bure, Oktoba 2017 wakaiuza kwa DxO, Wafaransa vilevile, na sasa mpya yake ni ya kulipia. Anayekwambia amepata ya leo bure amepata ya kreki, iliyovunjwa kufuli. Mimi kreki ilishanitoa machozi: niliibeba kwenye flashi yenye picha za send-off, asubuhi mafolda yote yamegeuka shotikati. Sitaki kulirudia.

Sasa turudi kwa bibi.

Kijana mmoja wa Newala anayefanya kazi Dar alinipa kazi mwezi wa nane: nimpige picha bibi yake, niichape saizi ya A2, niitie fremu, aitundike sebuleni. Kianzio akalipa palepale. Nikapanda gari, Nanyamba, Tandahimba, mpaka Newala, nikapiga chapchap jua la saa saba, nikarudi Mtwara. Usiku nikafungua G'MIC. Wakati huo ndiyo kwanza nina wiki nayo, na mtu mwenye nyundo mpya anatafuta misumari hata isipokuwepo.

Bibi yule ana nembo, chale za Kimakonde: mistari iliyopangana kwenye mashavu, na pembe zimeshikana katikati ya paji. Siku ile sikuziangalia kama nembo. Niliona ngozi ya mtu mzima iliyopigwa na jua baya, nikataka kuisaidia. Nikachagua kichujio cha kulainisha, nikashika kitelezi. Kila nikikisogeza, kwenye kidirisha cha mfano sura inateleza kidogo zaidi. Nikasogeza tena. Ngozi ikawa kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaita mdogo wangu aje kuona. Akasema, "Eeh dada, umekuwa hatari!" Nikaingia File, nikaona neno Overwrite na jina la picha mbele yake, nikabonyeza. Jumamosi nilikuwa na harusi, nikafomati memori kadi.

Hapa nieleze kidogo, maana kosa langu si la vidole, ni la kutojua chombo kinafanya nini. Kichujio cha kulainisha hakijui uso. Kinachukua kila nukta ya picha na kutazama majirani zake. Wakikaribiana rangi, kinawasawazisha. Wakitofautiana sana, kinaona huo ni ukingo, kinauacha. Ndiyo maana mboni na kope zinabaki na chunusi zinaondoka. Chale ya miaka mingi haina rangi kali, ina kivuli chembamba tu, na jua la saa saba linapiga kutoka juu, limeshakipunguza hata hicho. Kwa kompyuta, nembo ya bibi ilikuwa chunusi.

Kijana alikuja kuchukua fremu mwenyewe. Studioni kulikuwa na watu watatu, mmoja anasubiri pasipoti. Nikavua gazeti nililoifungia picha, huku nikitabasamu. Akaitazama kwa muda, akasema:

"Dada, huyu ni nani?"

"Bibi yako huyo."

"Bibi yangu ana nembo. Huyu mmemtoa wapi?"

Wale watatu wakasogea kuangalia. Yule wa pasipoti akaguna. Nikamrudishia kianzio chake mbele yao, fremu ikabaki kwangu. Nilikosea, sibishi. Lakini angeweza kunivuta pembeni. Mpaka leo nikimkumbuka yule wa pasipoti alivyoguna, naona moto masikioni.

Nilikaa na ile fremu imegeuzwa ukutani mpaka korosho zikaanza kudondoka. Oktoba nikapanda gari kwa nauli yangu, sikutumwa na mtu. Bibi nikamkuta uani, rundo la korosho mbele yake, anazinyofoa kwenye mabibo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenipa sura ya mtu?"

Kumbe mjukuu wake alimwonyesha kwenye simu. Nikapiga magoti kuomba radhi. Hakunijibu, akanisogezea kigoda na fungu la mabibo. Tukanyofoa pamoja mpaka mikono ikanata. Ndipo akajishika shavu kwa kidole chenye utomvu, akasema, "Hizi nilizililia, mjukuu wangu. Nilishikwa mikono na miguu. Wewe umezifuta umekaa kwenye kiti."

Nikaosha mikono, nikasubiri saa kumi. Sikumtoa nje. Nilimkalisha kizingitini, mwanga ukaingia kwa ubavu, na mwanga wa ubavu huinua kila kilichoinuka na kuzamisha kila kilichozama. Kila mstari ukapata kivuli chake. Kaka wa Lindi, ule ukali unaouona ulitengenezwa na mlango wa bibi, si na plagini.

Plagini nimeitumia, sikatai. Ukutani kulikuwa na chengachenga kwa sababu ndani kulikuwa na giza, na khanga yake ilihitaji rangi itulie. Ila safari hii kwenye G'MIC, sehemu ya Output mode, nilichagua New layers badala ya In place. Matokeo yanakuja kama leya mpya juu ya picha halisi, na ya chini haiguswi. Nikaipa leya hiyo maski nyeupe, nikashika brashi nyeusi, nikapaka uso wote na mikono yote. Palipopakwa nyeusi plagini haionekani, picha halisi inajitokeza. Kisha nikapunguza nguvu ya leya mpaka ukuta ukaacha kufanana na plastiki. Nikahifadhi XCF, faili la GIMP linalotunza leya zote, na JPG nikaitoa kwa Export ikiwa na jina jipya.

Na nakala. Kabla ya kufungua chochote, nakala ya picha halisi kwenye diski nyingine. Nasema tena: nakala. Kadi haifomatiwi mpaka mteja ameshika kazi yake mkononi.

Halafu tuambiane ukweli, sisi wenye vijistudio vya huku kusini. Bibi harusi anaingia kwetu mweusi wa kung'aa, anatoka kwenye albamu kama ametumbukia kwenye pipa la unga. Mama ana kovu la kuungua na mafuta, tunalipoteza bila kumuuliza. Tunasema tunawapendezesha. Nani alitutuma? Mteja akitaka chunusi iondoke atasema, mdomo anao. Muulize kwanza nini kibaki, ndipo uguse kitelezi. Vijana mnashindana kukusanya vichujio mia tano, na hamjui dirisha la studio yenu linaingiza mwanga saa ngapi. Najua nasema kwa ukali. Kiatu hiki nimekivaa mwenyewe, nakijua kinapobana.

Yule kijana nilimtumia picha ya pili bila kudai kitu. Siku mbili kimya. Siku ya tatu ikaingia hela yote, na ujumbe wa neno moja: "Ndiye." Fremu niliitumia ileile, nikatoa karatasi ya zamani nikaingiza mpya. Ya zamani sijaichana, ipo kwenye droo chini ya wino wa printa.

Kaka wa Lindi, link nitakutumia bando likiingia. Kwanza niambie GIMP yako ni namba ngapi.